Jumamosi tunarudi kwenye unga laini wa kusugulia kioo

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Jana nilikilaza kioo cha darubini tunayoitengeneza, chenye upana wa milimita 150, nikakimulika kwa tochi kutoka ubavuni. Katikati kimekaa vizuri, lakini ukingoni, upana wa kidole, bado kuna vishimo vidogo kama vya sindano. Najua tumekisugua wiki sita na wengi mna hamu ya kukiona kinang'aa. Naomba tusikimbilie kung'arisha. Vishimo hivyo vitatawanya mwanga, na sayari ya Zohali tutaiona ina ukungu.

Kwa hiyo Jumamosi saa tatu asubuhi, Kirumba hapa Mwanza, tunasugua tena kwa unga laini na maji. Nawa mikono mpaka kwenye viwiko, ndoo na vitambaa viwe vipya. Chembe moja ya unga mnene ikiingia, inachora mkwaruzo wa kuturudisha wiki nzima nyuma.

Tukishang'arisha, tutapima umbo la kioo kwa wembe na taa ndogo, njia aliyoileta Mfaransa Léon Foucault mwaka 1858. Haina gharama, inataka utulivu tu.

Bomba la plastiki la inchi 8 la kuwekea kioo limepatikana. Mwenye darubini mbovu ya macho mawili ailete, tunahitaji lenzi zake za kuchungulia.

Kuhusu mahali pa kutazamia: usiku wa giza tunaoutaka sisi ndio wavuvi wa dagaa wanawasha taa ziwani. Tutafute penye majabali ya kutukinga upande wa maji. Mwenye kupajua aseme hapa.