Barua kwa mwanangu wa redioni

Mwanangu, salaam aleikum. Ni babako, naandika kwa simu na vidole vyangu wavijua, vimezoea kuchomea risasi kwenye waya za redio si hivi vibatani vidogo vidogo, kwa hivyo ukikuta herufi zimepandana soma tu hivyo hivyo. Sikupiga kwa sababu najua nikipiga utasema sawa baba, sawa baba, halafu basi.

Kipindi chako nakisikiza kila asubuhi pale kibandani. Kila mteja ashajua ile ni sauti ya msichana wangu, hata asiponiuliza namwambia. Sasa ile Jumanne mlipompigia yule mwanamke wa huku kwetu Kisauni, mkamwambia mumewe ameonekana na mwengine, akaanza kulia nyinyi mwacheka, mpaka akataja jina lake na la bwanake na mahali anapokaanga viazi, halafu ndo mwamwambia eti ni mzaha tu. Kulikuwa na kijana amekuja kuchukua spika yake, akaniambia mzee huyu si yule mama wa viazi karai pale karibu na steji? Nikazima redio. Miaka yote nashika redio za watu sijawahi kuizima ikiwa wewe wazungumza.

Wakumbuka ulivyokuwa ukimwibia mamako mwiko wajifanya Mambo Mbotela, yule mtangazaji? Wazunguka jikoni, mtu akiacha sufuria chafu wamnyooshea mwiko, je, huu ni ungwanaaa? Nyanyako alikuwa akicheka mpaka ashika mbavu. Ndo nikasema wacha nikuandikie habari za huyu mzee, maana naona ulichukua ile sauti yake ukaacha kazi yenyewe.

Leonard Mambo Mbotela ni mtoto wa hapa hapa, Frere Town, kazaliwa 1940. Akaingia Sauti ya Kenya, redio ya serikali, 1964, na 1966 akaanzisha Je, Huu ni Ungwana, kikaenda zaidi ya miaka 50. Hebu fikiria, marais wamebadilika, stesheni yenyewe ikabadilisha jina ikawa KBC, redio zikatoka za betri kubwa kubwa zikaja mpaka ndani ya simu (zikanipunguzia kazi mimi lakini hayo tuyaache), na kipindi ni kile kile cha mtu mmoja auliza swali moja. Na katikati ya hayo alitangaza mpira, na mpira wa redio si wa TV, lazima msikilizaji aone kwa masikio, mlinda lango wetu wa Mombasa Mahmoud Abbas, yule aliyeitwa Kenya One, mimi nimemjua kwa redio kabla sijamwona hata picha.

Sasa sikiza kile kipindi kilivyokuwa. Ataeleza vile mtu amealikwa arusi na yeye aja na watu sita, ama ndani ya matatu mtu apiga kelele kama yuko peke yake, ama jirani aomba chumvi kila siku wala hanunui. Utacheka, kisha utanyamaza, kwa sababu ni wewe. Ama ni mkeo. Lakini jina hakuna. Atakusema kitendo chako chote mpaka viatu ulivyovaa na wewe umekaa hapo na watoto wako wasikia na hapana ajuaye kuwa ni wewe. Kisha yuauliza swali ajiendea zake, jibu akuachia wewe nyumbani kwako. Nyinyi mmefanya kinyume, jina mmelitoa na kitendo hakuna, yule mama kafanya nini?

Na lile neno ungwana, mwanangu. Wewe wajua huku kwetu muungwana maana yake ya zamani, ni yule asiyekuwa mtumwa. Frere Town ni mji wa waliokombolewa, wamishenari waliuanzisha miaka ya 1870 kwa watu waliotolewa utumwani, ile kengele ya pale Kengeleni tunapopandia matatu ni ya wakati huo. Mbotela ni kizazi cha watu hao, babake James Mbotela ndo aliyeandika Uhuru wa Watumwa 1934. Sasa mtu ambaye wazee wake waliambiwa nyinyi si waungwana, yeye ndo akaja kukaa mbele ya maikrofoni nusu karne auliza nchi nzima, wakubwa kwa wadogo, je huu ni ungwana. Mimi hili nililifikiria tu alipofariki, Februari 2025, nikiwa nimeshika redio ya mtu mkononi, nikakaa chini.

Wewe waniambia baba, prodyusa ndo ataka hivyo, nisipofanya watamweka mwengine. Nakuelewa, kodi ya Nairobi si mchezo. Lakini mzee huyo 1982, tarehe 1 Agosti, Jumapili, askari wa jeshi la anga walimtoa nyumbani kwake wakampeleka stesheni akatangaza serikali imepinduliwa. Kwa bunduki. Sisi huku tulikuwa watoto, babangu akatufungia milango, na kilichomtisha haswa ni kuwa ile sauti aijua, ilikuwa si ya mgeni, ni ya Mbotela wa kila siku. Siku hiyo hiyo yeye mwenyewe akarudi hewani kusema serikali iko palepale. Hapana aliyemlaumu, maana kila mtu ajua bunduki ni nini. Sasa wewe prodyusa wako ana bunduki? Ana viyuzi, hesabu ya walioangalia tu.

Sijasema uache kazi, usinielewe vibaya, mamako hata hajui kama nakuandikia na ukimwambia nitakana. Wewe sauti unayo, na kuhoji wajua, yule mvuvi wa Likoni ulivyomhoji nilitoka nje ya kibanda nikajifanya natafuta testa.

Yule mama alifunga wiki nzima. Juzi amefungua, nikaenda nikanunua vya hamsini, akanifungia kwa gazeti bila kuniangalia usoni. Sikumwambia mimi ni baba ya nani. Sasa ukishuka mwisho wa mwezi usipitilize nyumbani, teremka Kengeleni, nitakuwa pale kwenye kengele nakungoja, twende wote kwake. Simu yako utanipa mimi niishike.