Barua kuhusu Petrykivka, kijiji cha wachoraji

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi kwako na kwa jamaa wote. Sisi huku hatujambo. Uliniuliza ile sinia yenye maua mekundu niliyokutumia ilichorwa wapi, nami nimeona jibu la mstari mmoja halitatosha.

Imetoka Petrykivka, kijiji cha Ukraina kilicho kando ya mto Chaplynka, kaskazini magharibi ya jiji la Dnipro, katika nchi iliyokuwa ya Makosaki wa Zaporizhia, jamii ya wapiganaji waliojitawala. Kijiji hicho huhesabu umri wake tangu mwaka 1772, enzi za Petro Kalnyshevsky, mkuu wa mwisho wa Makosaki hao. Mwaka 1775 Malkia Katerina wa Pili wa Urusi aliibomoa ngome yao, na Kalnyshevsky akapelekwa visiwa vya Solovetsky, katika Bahari Nyeupe, alikofungwa miaka 25. Petrykivka yenyewe ikabaki kijiji cha dola, na wakulima wake hawakumilikiwa na mabwana kama walivyomilikiwa wakulima wengi wa zama zile. Jambo hilo naliona kubwa, kwa sababu mwanamke ambaye jioni yake haidaiwi na bwana yeyote ndiye anayepata wasaa wa kuipamba nyumba yake.

Na waliipamba kweli. Kuta za udongo zilipakwa chokaa, kisha wanawake wakachora maua, matunda na ndege kuzunguka madirisha na juu ya tanuri kubwa la kupikia, na kila sikukuu ilipokaribia chokaa ikapakwa upya na maua yakachorwa upya. Rangi zilitoka kwenye mimea, kama vile maganda ya vitunguu na matunda ya porini, zikachanganywa na kiini cha yai. Brashi hutengenezwa kwa manyoya ya paka yaliyofungwa kwenye kijiti chembamba. Mchoraji hatangulizi penseli. Huichovya brashi katika rangi moja, akaigusisha ncha katika rangi ya pili, kisha akaikandamiza na kuivuta mara moja tu, na jani likatokea likiwa kijani upande mmoja na njano upande wa pili. Matunda madogo huchapwa kwa ncha ya kidole.

Wageni wengi huanza simulizi hii mwaka 2013, UNESCO, shirika la utamaduni la Umoja wa Mataifa, ilipouingiza uchoraji huo katika orodha ya urithi wa binadamu. Mimi huanza na njaa ya 1932 na 1933, ambapo utawala wa Stalin, kiongozi wa Muungano wa Sovieti, uliwanyang'anya wakulima nafaka, na mamilioni ya Waukraina wakafa. Vijiji vilivyopitia hayo vilikuwa na kila sababu ya kusahau maua. Hata hivyo, mwaka 1936 ilifunguliwa Petrykivka shule ya uchoraji chini ya mwalimu Oleksandr Statyva, na aliyefundisha humo ni Tetiana Pata, mwanamke wa kijijini aliyezaliwa mwaka 1884. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Fedir Panko, aliyekuja kuanzisha karakana na kuwarithisha wengine.

Sitakuficha kwamba kuna kilichopotea. Ua lililohama ukutani na kwenda kwenye masanduku na sinia za kuuzwa lilianza kutii matakwa ya mnunuzi, likawa na mng'ao mwingi kuliko lile la chokaa. Lakini bila karakana hizo ustadi wenyewe wa mkono ungepotea, na ndiyo maana nawaheshimu sana waliozijenga.

Uliniuliza pia kama wanafunzi wako wanaweza kujaribu uchoraji huu; naam, wanaweza. Waanze na alama ndogo yenye umbo la mbegu, wairudie mpaka mkono uzoee kukandamiza na kuachia, ndipo waende kwenye petali. Usiwaruhusu kufuta. Nitakutumia brashi mbili pamoja na karatasi nene mara nitakapompata msafiri wa kuaminika, nawe uniandikie wamefika wapi.

Msalimie Mama sana.

Rafiki yako akupendaye,
Neema