Ndama wa Waridi ni wako

Molo, Jumapili jioni

Mwanangu,

Waridi amezaa. Jike. Najua kaka yako alikurushia picha hata kabla ndama hajakauka vizuri, lakini kuna neno ambalo picha haingeweza kukufikishia. Huyo ndama ni wako. Si wako wa mdomo, kama vile kuku tuliokuwa tukikwambia ni wako, halafu wageni wakibisha hodi wanaingia sufuriani. Ni wako wa karatasi. Baba yako atashuka Nakuru mjini kumwandikisha kwenye Kenya Stud Book, kile kitabu cha kuandikia koo za mifugo, na pale panapoulizwa mwenye mfugo litakaa jina lako. Ile karatasi ya A.I., ya kupandishwa kwa mrija, ya Waridi nimeiweka ndani ya Biblia tangu siku alipopandishwa, maana hapo ndipo mahali pekee humu nyumbani ambapo mdogo wako hawezi kuing'oa akaandika hesabu za shule.

Daktari anasema tutaanzia daraja la chini kabisa, kwa sababu nyanya yake Waridi tulimnunua sokoni bila cheti cha aina yoyote. Lakini kila kizazi kikipandishwa kwa mbegu ya fahali wa ukoo unaojulikana, kinapanda daraja. Kwa hiyo usitarajie kitabu kimwite malkia. Atakuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kama wewe.

Nianze na kuzaliwa kwenyewe, kwa sababu najua utaniuliza. Waridi alianza kutembea tembea usiku, anajilaza anainuka, mkia umesimama. Baba yako akaenda kukaa naye na tochi. Ilipotokea miguu miwili ya mbele na pua ikiwa katikati, tukajua mambo yako sawa, akakataza mtu yeyote asivute. Kaka yako mikono ilikuwa inamwasha, unamjua. Akaambiwa akachemshe maji, kazi ambayo hata haikuhitajika. Ndama akadondoka kwenye majani makavu, mama yake akaanza kumlamba, na mimi nikamtia iodini kitovuni. Kabla jogoo hajawika alikuwa ameshakunywa dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Hapo sisikii la mtu: ndama hazaliwi na kinga ya kutosha mwilini, anaipata kwa dang'a, na kadiri saa zinavyokwenda ndivyo utumbo wake unavyojifunga usiipokee tena. Saa sita za kwanza ndizo zenye maana. Majirani wengine bado husubiri zalio litoke kwanza ndipo ndama anyonye. Wanakuwa wamemnyima chanjo yake ya kwanza, ya bure. Zalio la Waridi lilitoka asubuhi, zima, baba yako akalifukia mbali ili mbwa wetu Simba asilichimbue.

Rangi yake ni kama ya mama yake, nyekundu na nyeupe za Ayrshire, ila ana doa jeupe juu ya jicho la kushoto linalomfanya aonekane kama anakushangaa.

Sasa kwa nini wako. Kaka yako alipomaliza shule, pesa za maziwa zilimnunulia pikipiki. Baadaye akapewa kipande cha kujenga kule juu karibu na mti wa jirani. Hakuna aliyeuliza swali, hata mimi. Na ile pikipiki ililipwa na nani? Ilikuwa ni wewe uliyekuwa ukiamka saa kumi na nusu alfajiri miaka yote ya sekondari, unakamua na sweta juu ya sare, ndipo ushike njia ya shule. Mimi nilikuwa na mgongo wangu, baba yako alikuwa na zamu za usiku. Maziwa yaliyoingia kwenye mtungi yalipitia vidole vyako. Nimeliwaza hilo jambo tangu uende chuo huko Maseno, na Waridi aliposhika mimba nikamwambia baba yako: akizaa jike ni la msichana. Akanyamaza kidogo, unajua anavyonyamaza, akasema, "Na akizaa dume?" Nikamwambia tutauza dume, tumnunulie jike. Akacheka, basi likapita.

Baba yako mkubwa ndiye hakupitika kirahisi. Alikuja Jumamosi, akanywa chai vikombe vitatu, akauliza kwa upole, sasa msichana akiolewa, huyo ng'ombe itakuwaje? Nikamwambia ng'ombe ana miguu. Nyanya yako aliyekuwa kimya kwenye kona akacheka mpaka akakohoa. Baba mkubwa akageuza maneno, akasema siku hizi Katiba imeharibu wanawake. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inazungumzia ardhi, kwamba mila na desturi zisimbague mtu katika ardhi kwa sababu ya jinsia. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwenye ardhi bado hatujafika, tumeanza na ng'ombe. Akaaga mapema. Atarudi, chai yetu anaipenda.

Sasa sikiliza hesabu, maana mali bila hesabu ni kelele. Huyu ndama anakunywa lita 4 kwa siku, mbili asubuhi na mbili jioni. Ukichukua ile bei ya shilingi 50 kwa lita ambayo KCC iliamriwa kulipa mwaka wa 2024, hizo ni shilingi 200 kila siku zinazopita kooni mwake badala ya kwenda kwenye mtungi. Miezi mitatu mpaka aachishwe, ni kama shilingi 18,000, na hapo sijaweka chakula cha ndama, dawa ya minyoo, wala dawa ya kunyunyizia kupe. Kupandishwa ni mpaka afike miezi 15 hadi 18, na hata hapo tunaangalia mwili kwanza kabla ya umri. Mtamba aliyekonda akipandishwa kwa sababu tu kalenda imesema, atateseka kuzaa na hatakupa maziwa ya maana. Ongeza miezi tisa na siku zake. Ni zaidi ya miaka miwili kabla hujaona tone. Utakuwa umekaribia kumaliza chuo.

Kwa hiyo kuna daftari. Nimelianza leo, lile la jalada la bluu, limetundikwa kwenye msumari karibu na laktomita, kile kipimo cha kuona kama maziwa yametiwa maji. Kila kinachoingia kwa ndama wako kinaandikwa humo na tarehe yake. Maziwa ni juu yetu, hayo sikudai. Lakini dawa, chumvi na daktari tutakudai, nusu kwa nusu, na utaanza kulipa atakapoanza kukamuliwa. Usikunje uso. Nimeona watu waliopewa ng'ombe kama peremende, na walivyomlamba ni vivyo hivyo, wakammaliza.

Juu ya chumvi nakuomba usibishane nami kama ulivyozoea, kwamba ng'ombe anayekula majani mazuri hahitaji. Daktari wa mifugo alinieleza jambo lililonishangaza. Enzi za walowezi, ng'ombe wa upande huu walikuwa wakikonda mpaka kufa huku wamezungukwa na majani mabichi. Ilikuja kugundulika kwamba udongo wetu wa volkeno una upungufu wa kobalti, na bila kobalti vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe haviwezi kutengeneza vitamini B12, basi mnyama anakosa hamu ya kula na damu inapungua. Ugonjwa huo ukaitwa Nakuruitis, kwa jina la mji wetu! Baba yako anasema wenzetu wamepewa mbio za marathoni, sisi tukapewa ugonjwa. Kwa hivyo jiwe la chumvi yenye madini liko horini, na litaandikwa daftarini.

Mambo mengine ya nyumbani ni yale yale. Siku hizi anayekamua asubuhi ni mdogo wako, nami namsimamia kwa macho tu. Ana mikono mizuri, lakini ni mwepesi wa kuota ndoto. Ukishaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu na kukikausha, ng'ombe anaachilia maziwa, na una kama dakika saba hivi kabla hajayabana tena. Yeye anaosha, halafu anakwenda kutafuta kiti, halafu anarudi kuongeza sauti ya redio. Waridi anamgeukia na kumtazama kabisa. Wiki iliyopita nikaweka sheria: kiti, ndoo, mafuta ya kukamulia na kile kikombe chenye kitambaa cheusi, vyote viwe pale kabla maji hayajagusa chuchu. Lita moja ikaongezeka, bila kununua hata gunia moja la chakula.

Kile kikombe cheusi ndicho kilichotuokoa kwa Tausi, ng'ombe wetu mwingine. Mikamuo ya kwanza ilitoka na mabonge madogo, kama maziwa ya jana, kwenye chuchu moja ya nyuma. Ugonjwa wa kiwele. Tulimtibu, na maziwa yake yote, hata ya zile chuchu tatu nzima, yakamwagwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa zikaisha. Mtu mmoja, simtaji, akatushauri tuyachanganye kidogo kidogo na ya wenzake, nani atajua? Baba yako akamwuliza kama angependa kuyanywa yeye na watoto wake. Mambo yakaishia hapo. Ilituuma mfukoni, lakini mwenye kujua bei ya mtungi mzima uliokataliwa hauzi jina lake kwa lita tano.

Na mitungi inakataliwa kweli. Juzi mwenzetu mmoja alirudishiwa yote kwenye kituo, laktomita ilizama chini ya 28. Maziwa safi husimama baina ya 28 na 32 hivi, likishuka hapo wanajua umemtembelea mama mfereji. Alisema ni mvua, ndoo ilikuwa wazi. Mvua ya ajabu, inayonyesha ndoo moja tu. Sisi siku ile stima zilipopotea na mtambo wa kupoza ukalala, maziwa ya jioni yalibaki nyumbani, nyanya yako akayageuza kuwa mala, tukayanywa na ugali siku mbili mpaka watoto wakaomba sukuma wiki kwa machozi.

Nyanya mwenyewe hajambo. Bado chai yake inatakiwa isimame kijiko, na bado anasema ile ya watu wa mjini ni maji yaliyopita karibu na ng'ombe. Anauliza kila siku kama huko Maseno mnapewa maziwa. Nikimwambia mnanunua ya pakiti, anatikisa kichwa kana kwamba nimemwambia mmefungwa.

Nirudi kwenye masharti, yamebaki mawili. La kwanza, humwuzi kabla hajazaa mara mbili, hata upendane na mwanamume mwenye ndoto ya kununua gari. Karo yako si mzigo wa ndama huyu. Karo iko kwa Waridi na Tausi na viazi, na tukikwama tutakwambia wazi, hatutasubiri usikie kwa watu. Msimu huu viazi vimepata barafu kidogo kule bondeni, lakini vya juu vimesimama. Usianze kulala njaa huko kwa kufikiri unatusaidia.

La pili, ndama jike wake wa kwanza ni wa mdogo wako wa mwisho. Sijamwambia, na wewe usimwambie, maana atahamia zizini. Lakini nataka iwe hivyo katika nyumba hii: msichana apokee kwa msichana, na mwenzake anayefuata apokee kwake. Kaka yako nimemweleza uso kwa uso. Alikasirika kama siku mbili, ya tatu nikamkuta akimtengenezea ndama wako kizimba chenye sakafu ya mbao zilizoinuliwa ili asilale kwenye unyevu. Hakusema kitu, nami sikumwuliza. Mbao zenyewe alizikata kwenye zile alizokuwa amewekea mlango wake.

Kuhusu jina, mtoto wako ni wako kumpa jina. Ila ukimwita jina la yule mwimbaji wenu wa TikTok, baba yako ameapa hatamwita kwa sauti mbele za watu. Mimi ningependa jina fupi, la kuitika ukungu ukiwa umeshuka na humwoni.

Tuma nakala ya kitambulisho chako kabla ya Alhamisi, pande zote mbili, isiwe na ukungu kama ile ya mkopo wa masomo. Pesa za matumizi zitaingia kwa M-Pesa sosaiti ikilipa, na mwezi huu wamechelewa tena, kwa hiyo hesabu vizuri ulizo nazo. Baba yako anasema ukija likizo umletee samaki, ngege wa ziwani. Abiria wa nyuma walalamike wanavyotaka, wewe mfunge vizuri kwa gazeti.

Ni mimi mama yako.