Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Mtoto aliyeandika "haijulikani" hakukosea

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi. Juzi wanafunzi wangu walifanya mtihani wa majaribio, na swali mojawapo liliuliza Aesop, mtambaji wa ngano za kale za Kigiriki, alizaliwa nchi gani. Binti mmoja wa darasa la sita akajibu: "Haijulikani." Alipigiwa mkasi. Mwongozo wa usahihishaji ulitaka Ethiopia.

Mheshimiwa, binti yule alisema kweli. Wapo waandishi wa kale waliodai Aesop alitoka Thrakia, kaskazini mwa Ugiriki, wengine Frigia, katika Uturuki ya leo. Hilo la Ethiopia lilitokana na kufananisha jina lake na neno la Kigiriki la Mwethiopia, na aliyeliandika ni mtawa Maximus Planudes wa Konstantinopoli, karne ya 13 BK. Aesop anahesabiwa kuwa mtu wa karne ya 6 KK! Ningefurahi sana awe Mwafrika mwenzetu, lakini siwezi kumfundisha mtoto matamanio yangu.

Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki aliyeandika karne moja hivi baada ya Aesop, anatuambia machache: Aesop alikuwa mtumwa wa Iadmon katika kisiwa cha Samos, aliuawa, na watu wa Delphi, mji wa Ugiriki, wakamlipa fidia mjukuu wa Iadmon. Kisa kisemacho Aesop alikuwa kibyongo na bubu, mungu wa kike Isis akamfungua ulimi, kiliandikwa karne nyingi baada yake.

Naye mwanafalsafa wa Kigiriki Aristotle anasimulia kwamba huko Samos Aesop alimtetea kiongozi aliyeshtakiwa kwa kosa la kifo. Alisema: mbweha alinasa korongoni, kupe wakamjaa. Kalunguyeye akamwonea huruma, akataka kumtoa kupe. Mbweha akakataa: "Hawa wamekwisha shiba. Ukiwatoa, watakuja wenye njaa wanimalizie damu iliyobaki." Kisha Aesop akawageukia watu wa Samos: huyu amekwisha tajirika, mkimuua, watakuja maskini wamalize hazina yenu. Nilipowasimulia darasani, watoto walibishana hadi kengele ikalia. Hapo ndipo penye swali la mtihani.

Naomba, Mheshimiwa, uwaelekeze watunzi wa mitihani na vitabu waandike "inasemekana" panapostahili, na "haijulikani" ihesabiwe jibu. Karatasi ya binti yule bado iko mezani kwangu. Sijaweza kumrudishia ikiwa na mkasi ule.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa darasa la sita