Mwanangu, kabla hujaanza kazi Lindi

Masasi, Juni

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako mdogo wako amezifikisha. Julai mosi unaanza Lindi ukiwa mkuu wa idara, na baba yako ameshawatangazia wote pale chama cha msingi, hata ambao hawakuuliza. Nami nimefurahi sana. Ila kuna jambo linanikosesha usingizi, na nimeona niliandike, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza.

Kabrasha la yale mafunzo ya ukocha kazini ulilisahau juu ya meza. Nimelisoma lote. Zile hatua nne za Mwingereza John Whitmore, aliyekuwa dereva wa magari ya mashindano kabla hajageukia kufundisha mameneja, nimezielewa bila mwalimu: mtu anataka kufika wapi, kwa sasa yuko wapi, ana njia zipi, na atafanya nini na lini. Msimamizi anauliza, msimamiwa anajibu. Umeandika vizuri kabisa, na mwandiko wako bado unapendeza. Sasa niambie, mbona siku zote ulizokuwa hapa sikukusikia ukimuuliza mtu swali hata moja? Karani anapiga simu, unamwambia fanya hivi. Afisa anapiga, unamtajia barua iandikweje na nakala iende kwa nani. Unajibu mwenzako hajamaliza kusema. Kazi unaijua, hilo habishi mtu. Lakini ukitoka leo, nani anakaa hapo?

Serikalini kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima ni 60. Tarehe inajulikana tangu siku ya kuajiriwa. Hata hivyo, hospitalini nilikofanya kazi, nimeshuhudia wodi nzima ikiyumba kwa kuondoka muuguzi mfawidhi mmoja tu, kwa sababu kila uamuzi ulikuwa kichwani mwake. Waliobaki walikuwa hodari, tena wengine wamesoma kumpita. Tatizo hawakuwahi kuachiwa waamue. Nyie maafisa utumishi mnaandika mipango ya kurithishana madaraka, mnaifungia kabatini. Mrithi haandaliwi kwa kuandikwa jina.

Nisikilize vizuri hapa, usije ukasema mama anataka kila kitu kiwe maswali. Mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua, humgeukii mwanafunzi ukamuuliza yeye anaonaje. Unaamuru: sindano ya oksitosini, kanda tumbo, ita daktari. Maswali ni baadaye, mgonjwa akishatulia: uliona nini kwanza, ungeanza na lipi, kesho ukiwa peke yako utafanyaje? Na mgeni wa kazi ambaye hajui kabisa, mwonyeshe kwanza. Kumuuliza mtu asichokijua ni kumtesa. Ila wale wako wa miaka mitano, sita kazini, hao unawajibia nini?

Sisi tuliochezwa unyago tumezoea kungwi aseme na mwari ainamishe kichwa. Kule ni mahali pake. Ofisini, kijana anayeinamisha kichwa kila siku hatakuja kusimama mbele ya baraza la madiwani akatetea hoja.

Halafu, ukiuliza, nyamaza. Hiki ndicho kitakachokushinda, nakujua. Mtu akikaa kimya anafikiri. Wewe ukimya huuwezi, utamtilia jibu mdomoni.

Mwezi Julai ndio mnapangiana malengo ya mwaka. Enzi za OPRAS, ule utaratibu wa zamani wa kupima kazi ya mtumishi kwa fomu, tuliambiwa msimamizi na mtumishi wakae, wakubaliane. Mahali pamoja nilipofanya kazi, fomu zilikuwa zinakuja zimeshajazwa, sisi tunatia saini. Sasa mnajaza kwenye mfumo wa kompyuta, lakini kompyuta haizuii mtu kumjazia mwenzake. Kaa nao mmoja mmoja. Na mazungumzo ya mtu anataka kuwa nani baada ya miaka mitano yatenge na siku ya kumpima kazi. Mtu anayesubiri alama hawezi kukwambia kwamba anatamani idara nyingine.

Usidhani kila mmoja anataka kuwa bosi, vilevile. Kuna wa masijala anayependa mafaili yake, na ofisi ikikosa mtu huyo inapotea. Huyo muulize anataka kuijua kazi yake kwa undani gani. Anayetaka cheti, Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi hapo Mtwara. Anayetaka shahada bila kuacha kazi, Chuo Kikuu Huria kipo. Lakini aseme yeye kwanza. Kaka yako alipomaliza kidato cha sita, fomu ya chuo ilijazwa hapa sebuleni, yeye akiwa shamba. Unajua anafanya kazi gani leo na anaipenda kiasi gani.

Likizo yako ya kwanza, mwachie mmoja akaimu, mwingine zamu ijayo. Kukaimu kwenyewe, sio kukaa kwenye kiti huku wewe unaongoza kwa simu. Atakosea dokezo, utalisahihisha naye ukirudi. Nitataka kujua nani amekaimu. Nitauliza kila ukipiga, hata ukichukia.

Mikorosho ya juu imeanza kutoa maua, na baba yako anapulizia salfa asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka. Hataki kufunga kitambaa puani. Mwambie wewe, mimi nimechoka. Mbuzi mweusi amezaa pacha. Ming'oko nitakufungia kwenye kikapu na kukupa mdogo wako, anakuja Lindi wiki ya kwanza kutafuta nafasi ya kujifunza kazi. Asikae kwako bure: afue, apike. Muulize anataka nini. Mimi akiniona anasema udereva, baba yake anamwambia kilimo, akibaki peke yake anachora majengo.

Godoro la zamani usilichukue, lina kunguni. Nunua jipya hukohuko. Fundi wa bati anakuja Jumamosi kuziba pale jikoni panapovuja, na misumari tunayo. Ukiwa na chochote tuma kabla ya Ijumaa, usipokuwa nacho usikope, tutamlipa baada ya mnada wa korosho, ameshakubali.

Mama yako