Historia ya uwanja wetu iandikwe kabla haujaisha kumegwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu uwanja. Uwanja mkubwa wa Mkwakwani una wasemaji wake, na timu yetu ya Coastal Union wakicheza mji mzima unajua. Mimi nausemea uwanja wa mtaani kwetu Makorora, hapa Tanga, ule wa vumbi usio na ukuta wala tiketi.

Mwezi uliopita nimetoka alfajiri kununua vitumbua, nikakuta nguzo nne zimesimikwa upande wa goli la kusini na bati zimeshaanza kupigiliwa. Nilisimama pale mpaka vitumbua vikapoa. Zile nguzo zimekaa juu ya mstari wetu wa pembeni, tuliokuwa tukiuchora kwa majivu ya jikoni. Majivu hayo nimeyabeba mwenyewe kwenye kopo la maziwa, niko darasa la tano. Magoli yalikuwa boriti za mikoko, na mtambaa wa panya ulikuwa kamba ya katani, maana katani Tanga haikuwa shida. Mpira ukiigusa kamba, inacheza, na hapo ndipo ugomvi unapoanza: limeingia, halikuingia. Sisi wasichana tulicheza netiboli mapema, jua likiwa bado kali, kwa sababu wavulana wakishaingia na chandimu yao hupati tena nafasi. Pete yetu ilikuwa ya pipa, imepigiliwa kwenye mnazi.

Nilikwenda ofisi inayohusika kuuliza. Kijana aliyenipokea alinipa shikamoo na kiti, kisha akaniuliza, "Mama, mna karatasi yoyote inayoonyesha ule ni uwanja?" Nikakosa jibu. Miaka yote hiyo hatukuwahi kufikiri kwamba uwanja unahitaji kuthibitishwa.

Mji huu una sifa kubwa ya mpira. Coastal Union ni ya mwaka 1948, na mwaka 1988 ilichukua ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara. African Sports nao, Wana Kimanumanu, wana historia yao ndefu. Lakini sijaona mtoto aliyeanzia mpira Mkwakwani. Na Mkwakwani wenyewe ni mali ya chama cha CCM, kama Kirumba wa Mwanza na Sokoine wa Mbeya. Viwanja vya namna hiyo, vingi vilijengwa kwa michango na nguvu za wananchi zama za chama kimoja. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, viwanja hivyo vikabaki na chama, na mwananchi wa kawaida angeonyesha stakabadhi gani ya tofali alilobeba kichwani? Ndiyo maana swali la yule kijana limenikaa moyoni.

Ombi langu ni hili. Serikali ya mtaa iwaite wazee waliobaki, wakae na afisa mipango miji, ramani ikiwa mezani, waseme uwanja uliishia wapi na nani walifyeka vichaka. Waseme ile mikungu ya upande wa barabara ilipandwa na nani, maana ilikuwa ndiyo jukwaa letu. Na kina mama waitwe pia, tusije tukaandikiwa historia ya wavulana peke yao. Yaandikwe, yasainiwe, kisha eneo lipimwe na lihifadhiwe kama eneo la wazi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ipo, isiachwe kabatini.

Haraka yangu ina sababu. Mzee aliyekuwa refa wetu, aliyeijua kila kona ya uwanja ule kwa hatua za miguu yake, tulimzika mwaka jana. Hakuna aliyekaa naye na kalamu, hata mimi niliyekuwa jirani yake.

Bati bado zipo. Jumamosi niliwaona watoto waking'oa goli lao, wakalisogeza hatua sita kuelekea barabarani, wakaendelea kucheza huku bodaboda zikipita nyuma ya kipa.

Msomaji wako,
Makorora, Tanga