Majina Kumi na Saba na Jiwe la Babu

Laurel, Maryland

Baba Mkubwa, shikamoo.

Sisi huku wazima, kazi zinaendelea, baridi bado haijaanza. Ujumbe wako wa sauti kuhusu jiwe la kumbukumbu ya Babu, aliyechukuliwa na wazungu kuwa mpagazi wa vita, nimeusikiliza mara tatu, na wa Shangazi nao, ule mrefu. Fedha nitatuma. Ila laki nane za marumaru na pilau zitoke kabla hatujakubaliana jina gani linaandikwa, hapo naomba mnisikilize kwanza. Kila Septemba huku mimi ndiye ninayeshika vipaza sauti kwenye hafla ya kuwakumbuka waasisi wa urukaji na wale waliokufa kwenye ndege za upelelezi, na najua kumbukumbu inaharibikia wapi.

Inaharibikia kwenye majina, Baba Mkubwa. Maua na bendera hurekebishika palepale. Jina likitajwa vibaya, mjane wa miaka tisini ameshalisikia.

Tarehe 2 Septemba 1958, ndege ya jeshi la Marekani aina ya C-130, namba 60528, iliruka kutoka Incirlik, Uturuki, ifuate njia ya Trabzon hadi Van huku ikisikiliza redio za Wasovieti. Ilikuwa na watu 17: sita wa kuirusha, na 11 wa nyuma, wale wanaokaa na vipokezi masikioni. Maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba minara ya redio ya kuongozea ndege upande wa Wasovieti ilikuwa kwenye masafa yaliyokaribiana na ya minara ya Uturuki. Rubani akishika mnara usio wake, sindano humwambia yuko njiani kumbe anapotea. Wakavuka mpaka wakaingia Armenia, ndege za kivita za Wasovieti, MiG-17, zikawapiga, wakaangukia karibu na kijiji cha Sasnashen. Hakupona mtu. Wasovieti walirudisha mabaki ya watu sita, na kuhusu wale 11 wakasema hawajui lolote. Hadharani ilitangazwa kwamba ndege ilikuwa ikipima mawimbi ya redio, na familia zikakaa na hilo miaka na miaka. Mpaka 1993 ndipo Wamarekani walipofika kuchimba pale. Muarmenia mmoja, Martin Kakosian, aliyeiona ndege ikianguka, aliwachongea khachkar, lile jiwe lao la msalaba, wala hakuwa na undugu nao. Hapa Fort Meade, kambi ya jeshi, mwaka 1997, iliwekwa C-130 nyingine ya aina ileile, ikapakwa rangi na kuandikwa 60528 mkiani. Ukisimama chini ya mkia ule, namba iko juu sana, inabidi uinue shingo kama unayetazama dafu mnazini.

Sasa jinsi majina yanavyosomwa. Jina, kengele, kimya. Kila mtu sekunde saba, kwa hiyo watu 17 ni dakika mbili kasoro sekunde moja. Msomaji mwenye haraka hulitaja jina linalofuata kengele ya aliyetangulia ikiwa bado inalia, na la yule wa pili linamezwa. Ndiyo maana maiki huiwekea kengele kisogo, na kengele yenyewe husogezwa kama mita mbili pembeni. Mjukuu wako mkubwa ndiye mpiga kengele mwaka huu. Suti ya kijivu, mkono haukutetemeka, mlio wa 17 ulikuwa sawasawa na wa kwanza. Laiti mama yake mdogo angemwona.

Majina huandikwa kwa silabi kwenye karatasi ya msomaji: Petrochilos, Oshinskie, Villarreal, Maggiacomo. Lile la mwisho Muitaliano atasema ma-ja-ko-mo, lakini mwenye neno ni familia, na familia hupigiwa simu wiki mbili kabla. Cheo nacho huulizwa. Halafu kuna ubishi wa mpangilio. Wengine husoma kwa vyeo, makapteni kwanza, na vijana wa chini wanaangukia mwishoni watu wakiwa wameanza kuchoka. Mimi nasimama na wanaosoma kwa alfabeti: Bourg, askari wa cheo cha chini, anamtangulia Duncan, kapteni na rubani.

Baada ya majina ni mizinga, kama watu wanavyoiita, ingawa ni bunduki tu: watu saba, mara tatu, baruti tupu. Bunduki ya M1 ikipigwa baruti tupu bila kifaa chake mdomoni haijikoki, kila mmoja avute kwa mkono, na anayevuta nusu anabaki kimya wenzake wakilipua. Nami napunguza sauti ya maiki zote kabla ya amri, la sivyo spika zinapasuka. Kisha Taps, wimbo wa baragumu wa kuwaaga marehemu, noti 24. Wapigaji wa kweli ni wachache, kwa hiyo mara nyingi baragumu lina kifaa ndani: unabonyeza, kinasubiri sekunde chache, kinapiga chenyewe. Betri ikifa, askari anabaki ameinua baragumu mdomoni na hakuna kitu. Betri mpya asubuhi ileile, wala usiulize kama ya jana inafaa. Shada la maua lina miguu mitatu, na upepo wa hapa haulionei huruma: mfuko wa mchanga chini, waya nyuma.

Karibu na sisi kuna College Park, uwanja ambako Wilbur Wright alikuja 1909 kuwafundisha maofisa wawili wa jeshi, Lahm na Humphreys. Hao wanatajwa kila mara. Mimi hungoja tarehe 28 Septemba, kwa sababu tarehe hiyo mwaka 1912 walianguka na ndege hapohapo wakafa Luteni Rockwell na Koplo Frank Scott. Scott hakuwa ofisa, na hata hivyo uwanja mkubwa wa jeshi kule Illinois unaitwa kwa jina lake tangu 1917. Koplo, Baba Mkubwa.

Rudi kwetu sasa. Sanamu ya Askari pale Dar imesimama tangu 1927. Imeandikwa Kiswahili, kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu, na Kiingereza, inawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na inaahidi kwamba ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Jina hamna hata moja. Hata ile ndege iliyozunguka juu ya delta yetu ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, manowari za Waingereza zikiipiga Königsberg, manowari ya Wajerumani, waliokuwemo wanajulikana: Cull akirusha, Arnold akituma kwa redio makombora yanaangukia wapi, na aliendelea kutuma injini ikiwa imeshapigwa na ndege inashuka mtoni. Walipona, wakaandikwa. Waliobeba unga na makombora vichwani, mpaka soko likaitwa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, wako wapi?

Ndiyo maana sikubaliani na Shangazi kwamba jiwe liwe la Babu peke yake. Babu mwenyewe alikuwa akisema walichukuliwa wengi kijijini siku moja. Na hili la kubishania jina la nyumbani au jina la kwenye daftari la wazungu, jibu langu ni yote mawili, la nyumbani juu, na "bin" pamoja na jina la baba yake lisikosekane. Nimeudhika Shangazi aliposema mtu wa ughaibuni hana sauti kwenye makaburi. Ninayo. Tena nimekumbuka uduvi wa pale kwake wakati nikiwa nimenuna.

Fanyeni hivi. Kabla ya fundi, wewe na Mzee wa jirani kaeni na wazee waliobaki, mchana, wasiwe wamechoka. Kila jina liandikwe kama linavyotamkwa, lisomwe mbele ya wawili wengine. Penye shaka wekeni alama, lisichongwe bado. Fundi achonge herufi zizame kwenye jiwe, asipake rangi juu tu, maana chumvi ya kwetu inabandua rangi kabla ya masika mawili. Chini paachwe nafasi tupu ya mistari mitano sita, kwa wale watakaokumbukwa baadaye. Siku ya kisomo asome mtu mmoja, taratibu, bila spika ya kukodi kulia karibu naye.

Leo natuma laki tatu za fundi na mchanga. Za marumaru zitafuata orodha ikifika. Za pilau nitamtumia Shangazi mwenyewe mkononi, umwambie.

Nitapiga Jumapili baada ya Isha ya kwenu. Hata kama mmepata majina mawili tu, unisomee.

Mwanao.